Jibini Yenye Uso wa Wifi

Kokugonza alikuwa na desturi ya kutoa jibini kwenye vikopo baada ya kumkamua ng'ombe na kabla ya kupika chai. Vikopo vyenyewe vilikuwa vya plastiki, vile vya siagi ya kupaka, vimetobolewa matundu kwa msumari wa moto, na juu ya kila kimoja lilikaa jiwe lililooshwa. Asubuhi hiyo aliondoa jiwe la kwanza, akapindua kikopo juu ya ubao, akakipigapiga kitakoni kama mama anayemsubiri mtoto acheue. Jibini ikatoka nzima, nyeupe, ikiwa na uso wa wifi yake Alistidia.

Uso ulikuwa upande wa juu. Pua ile pana, kovu dogo juu ya nyusi alilolipata utotoni alipoanguka kutoka kwenye mti wa kahawa, na mdomo uliofungwa kama wa mtu anayengoja kuulizwa jambo. Kokugonza akaondoa jiwe la pili. Alistidia. La tatu. Alistidia. Wote walimtazama bila kupepesa, kama Alistidia mwenyewe alivyomtazama alipokuwa akiishi pale.

"Hata huku umenifuata," Kokugonza akasema. Akafuta mikono kwenye kanga, akachukua chumvi, akaendelea na kazi.

Hapo ni Izigo, wilaya ya Muleba, kwenye kibanja cha migomba cha marehemu Ma Joanitha, mjane wa Kilutheri ambaye hakununua kitu chochote ambacho mkono wake ungeweza kukitengeneza. Sabuni alipika mwenyewe. Mikeka alisuka mwenyewe. Dukani alifikishwa na chumvi tu na viberiti, na hata huko alikuwa akilalamika njia nzima. Kutengeneza jibini alijifunza ujanani kwa mama mmoja wa misheni, na yule mama alipofunga mizigo na kuondoka na vipakiti vyake vya unga wa kugandishia, Ma Joanitha hakumlilia. Alichukua maziwa ya asubuhi yasiyochemshwa, akayafunika kitambaa, akayaacha yaamue yenyewe. Yalipoganda akachota kijiko, akakitia kwenye maziwa mengine yaliyochemshwa yakapoa. Hayo nayo yakiganda, anachota tena. Yakinuka vibaya anamwagia nguruwe na kuanza upya. Aliendelea hivyo hadi siku moja chombo kikatoa harufu ya ndizi mbivu na mkate. Hiyo ndiyo ikawa mbegu. Tangu hapo, kila alipotaka kutengeneza jibini alitoa kwanza kikombe cha mbegu, akakilisha maziwa mapya na kukirudisha kwenye chungu kilichokaa pembeni penye ubaridi. Mbegu ya maziwa ni kama mgomba. Ukiitunza haifi, hubadilisha shina tu.

Alipoishiwa nguvu, aliyeipokea mbegu alikuwa binti yake Alistidia. Ndoa ya Alistidia kule Karagwe ilikuwa imemshinda, au yeye ndiye aliyeishinda, inategemea nani anasimulia. Alirudi kwao, akapewa chumba cha udongo kule chini ya kibanja, akapanda migomba yake nyuma ya chumba, na akawa analisha vitatu: mama yake, ng'ombe aitwaye Bihogo, na chungu.

Katika nyumba ile mbegu haikuwa kitu cha kujichukulia. Mwenye nayo huchovya kijiko, hulamba, kisha humpa mpokeaji kijiko kile kile naye alambe. Hapo ndipo maziwa hujua kuwa yamehama. Ma Joanitha alimkabidhi Alistidia hivyo, mbele ya Kokugonza aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la chai.

Kokugonza alikuwa mke wa Mugisha, kaka mdogo wa Alistidia. Aliolewa kutoka Kaagya, akaingia katika nyumba ambayo sifa zote zilipita mbele yake zikienda kwa mwingine. Wageni walikula matoke yake, wakafuta midomo, wakasifu jibini ya Alistidia. Mugisha akionja mchuzi alisema, "Dada angeongeza chumvi kidogo," halafu akaumaliza wote. Hata Ma Joanitha, siku ya mwisho, alimshika Kokugonza mkono na kumwita Alistidia. Kokugonza aliitika, kwa sababu mgonjwa hasahihishwi. Lakini hakusahau.

Matanga yalipoondolewa, wazee wa ukoo walimkalisha Mugisha kitini, wakampa panga la baba yake, kibanja, nyumba na ng'ombe. Alistidia alipewa vitenge vya mama yake. Hakuna aliyemfukuza. Kokugonza alisema tu kwamba kile chumba cha chini kina ubaridi mzuri, kingefaa kuwa ghala la jibini.

"Na mimi nitalala wapi?" Alistidia aliuliza.

"Mjini kuna vyumba, wifi. Wewe ni mtu wa mikono, huwezi kulala njaa."

Alistidia alimtazama kaka yake. Mugisha alikuwa akikagua mpini wa panga.

Siku ya kuondoka, Alistidia aliingia jikoni na kijiko. "Njoo basi nikukabidhi mbegu," akasema.

"Mimi nilambe mate yako?" Kokugonza alijibu. "Chungu kiko ndani ya nyumba yangu. Kimeshakabidhiwa."

Alistidia akakiweka kijiko juu ya kifuniko cha chungu, akabeba furushi lake, akaenda barabarani kusimamisha gari la Bukoba.

Kwa hiyo asubuhi ile ya vikopo, Mugisha alipokuja kunywa chai na kuziona nyuso zimepangwa kwenye ubao, aliuliza, "Dada amekuja?"

"Ni jibini."

"Naona." Akainama kidogo. "Amekonda."

Akanywa chai yake, akaenda kupunguzia migomba majani.

Kokugonza hakuwa mtu wa kukubali mambo kirahisi. Alikwangua uso kwa kisu. Jibini zilizofuata zikatoka na uso juu na chini. Aliweka vikopo kando, akajaribu vikapu vidogo vya ukindu. Uso ukatoka na alama za ukindu mashavuni, kama wa mtu aliyelalia mkeka. Alizigeuza zikauke kifudifudi, na alipozirudia akakuta zimejigeuza chali. Angeweza kumwaga mbegu yote akaanza upya kwa maziwa ya Bihogo, kama mama mkwe wake alivyoanza, na alilifikiria hilo akiwa ameshika chungu kwa mikono miwili. Lakini jibini ilikuwa tamu. Haijawahi kuwa tamu vile. Akakirudisha chungu mahali pake.

Maji ya jibini alimpa nguruwe. Nguruwe alikunywa yote na hakubadilika chochote.

Jumapili alipeleka jibini moja kanisani kama sadaka, akiwa ameifunga kwenye jani la mgomba. Baada ya ibada watu walitoka nje kwenye mnada wa mazao, na mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi alipolifungua lile jani akainua sadaka juu ili wa nyuma nao waone.

"Haya! Baada ya jogoo, sasa tuna Alistidia binti Joanitha. Nani atamchukua?"

"Mgeuze tumwone upande," sauti ikasema.

Akamgeuza.

"Ndiye. Mwenyewe yuko wapi siku hizi?"

"Bukoba."

"Anafanya nini?"

"Anatafuta."

"Aa. Basi ongeza bei, jamani, mtu wa kwetu huyu!"

Mchungaji alisimama pembeni akitafakari kama ni halali kumla muumini mwenzako. Baadaye alisema kwamba kwa kuwa hakuna mtu aliyetamka maneno ya Meza ya Bwana juu yake, ni chakula tu, na alipoonjeshwa akasema chumvi inatosha. Mama aliyeshinda mnada alimbeba Alistidia kichwani hadi nyumbani, uso ukiwa mbele ili aone njia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Jibini za Izigo zikaanza kupanda gari kwenda Bukoba, kwenye duka la Maulida karibu na soko. Huyu alikuwa mwanamke mnene mwenye kabati la kioo na mdomo usiochoka. Maulida aliwauliza wateja wanataka wapi. Waliopenda laini walichukua shavu. Paji la uso lilikuwa gumu kidogo, likawafaa wa kukwangulia juu ya chakula. Watoto waligombea pua.

Kokugonza akaja kugundua jambo lingine. Uso haukuwa ule ule kila siku. Ulikuwa vile Alistidia alivyokuwa asubuhi hiyo, huko aliko. Siku moja ulitoka na midomo iliyopasuka. Siku nyingine macho yamevimba. Kuna wiki shavu la kushoto lilikuwa limeumuka hadi jibini hazikukaa sawa kwenye rafu.

"Jino," alisema Mugisha. "Lile la nyuma. Lilimsumbua hata zamani."

Kokugonza akaongeza chumvi upande huo.

Lazima isemwe kwamba kipindi kile alilala vizuri. Aliamka akiimba nyimbo za kwaya, akatoa vikopo, akahesabu mikunjo mipya kwenye paji la wifi yake, na chai yake ikawa na ladha. "Pole, wifi," alisema kila asubuhi, na alimaanisha, kwa namna yake.

Halafu Alistidia akatokea na hereni.

Zilikuwa za duara, ndogo, zimetokeza vizuri kabisa kwenye jibini, hata mahali zinapofungwa. Kokugonza alizigusa kwa kidole. Kesho yake Alistidia alikuwa amesukwa nywele, mistari myembamba iliyokwenda nyuma kwa adabu. Mashavu yalianza kujaa. Na mwishoni mwa juma mdomo ukafunguka, Alistidia akatabasamu. Halikuwa tabasamu kubwa. Lilikuwa la mtu aliyekula vizuri na hasemi wapi.

"Anacheka nini?" Kokugonza aliuliza.

Mugisha alichukua mkate. "Labda amefurahi."

"Amefurahishwa na nini? Na nani?"

"Mimi nitajuaje? Yeye yuko Bukoba, mimi niko hapa na migomba."

"Umeona mashavu? Mtu anamlisha huyu."

"Dada amependeza," Mugisha alisema, akiwa ameiinua jibini kwenye mwanga wa dirisha. "Sijawahi kumwona hivi hata kwenye harusi yake."

Siku hiyo Kokugonza alikwenda Muleba mjini, akasukwa nywele, akanunua hereni za dhahabu ya bandia, ndefu, zinazolia ukigeuza shingo. Alirudi akapakua chakula polepole, akigeuza shingo mara nyingi kuliko kilichohitajika. Mugisha alimtazama, akaitazama jibini iliyokuwa mezani, akamtazama tena.

"Mmesukwa na mtu mmoja?" akauliza.

Kokugonza hakula. Toka hapo hakuwa na amani. Akipukuchua maharage alimwona Alistidia katika nyumba ya tofali za kuchoma, yenye kochi na pazia, akipikiwa. Akipalilia alimwona kwenye ufuko wa ziwa na mwanamume mwenye gari, wakila sato wa kuchoma. Mwanamke uliyemtoa kwenye chumba cha udongo halafu akanenepa! Kila asubuhi vikopo vilitoa tabasamu lile lile, safu kwa safu, na ghala la kule chini, ambalo zamani lilikuwa chumba cha Alistidia, lilijaa Alistidia kutoka sakafuni hadi darini, wote wamevaa hereni.

Ndipo akamwomba mumewe amwite Ta Kahigi.

Ta Kahigi alikuwa mzee wa ukoo, na ndiye aliyemkalisha Mugisha kitini. Alikuja na wazee wengine, wakaketi uani. Kokugonza alipiga magoti akawasalimu, akaweka mbele yao rubisi, pombe ya ndizi, na jibini ya asubuhi ile. Mzee alivua kofia, akaisalimia jibini kwa jina, kisha akavaa kofia.

"Ni yeye," akasema.

"Ni yeye, Ta," alijibu Mugisha.

"Mama yenu alipougua, nani alilisha chungu?"

"Dada."

"Nani alimkamua Bihogo?"

"Dada."

"Mama mwenyewe, nani alimlisha, akamwogesha, akamgeuza?"

"Dada."

Wazee wakatikisa vichwa kwa makubaliano. "Basi uso ni haki yake," Ta Kahigi akasema. "Jambo hili halina ubishi. Jasho la mtu likiwa ndani ya kitu, limo tu, litatoka siku moja."

Mugisha akakohoa. "Sasa na kibanja, Ta?"

"Kibanja kimefanya nini?"

"Nasema, kama ni kwa ajili ya jasho... Na kule chini migomba ni yeye aliyeipanda."

"Kibanja hakina uso," Ta Kahigi akasema. "Kibanja ni cha ukoo, na binti ni mgeni wa ukoo mwingine hata akirudi. Siku mkungu utakapotoka na pua, niiteni."

Wazee walicheka, wakamla Alistidia hadi kwenye kidevu. Walipokuwa wanafuta visu, mzee alimgeukia Kokugonza.

"Ulipokea kijiko?"

"Sikupokea, waitu," akajibu kwa heshima.

"Kwa nini?"

Kokugonza alitazama chini. "Niliona kinyaa."

"Kinyaa," mzee alirudia, kama anayeonja neno lenyewe. "Basi nenda ukapokee. Akikukabidhi kwa mkono wake, maziwa yatahama, uso utaondoka."

"Na akitaka arudishiwe chumba chake?" aliuliza Mugisha.

"Chumba si kibanja. Hilo ni la mwenye nyumba, si la ukoo."

"Mwenye nyumba ni huyu," Mugisha alisema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu. "Akikubali yeye, mimi sina neno."

Kokugonza alipanda gari la asubuhi, amevaa kitenge kipya na hereni zake, na ndani ya kikapu amebeba mtungi mdogo wa mbegu na kijiko. Gari lilipopita Kemondo alifungua kioo cha mkononi akajitazama. Alikuwa amejiandaa kukutana na kochi.

Maulida ndiye aliyemwelekeza. Chumba kilikuwa Kashai, nyuma ya nyumba ya wapangaji, dirisha lake limeelekea ukuta. Uani kulikuwa na kamba zilizojaa mashuka ya nyumba ya wageni, na chini ya mashuka, ameinamia beseni, alikuwa Alistidia. Hakuwa amenenepa. Mikono ilikuwa imebabuka kwa sabuni. Usoni alikuwa yule yule wa siku za midomo iliyopasuka.

"Karibu, wifi," akasema. "Ingia ndani, huku nje utalowa."

Ndani Kokugonza alitafuta viatu vya mwanamume chini ya kitanda. Hakukuwa na kitanda. Kulikuwa na godoro, jiko la mkaa na ndoo. Alistidia aligeuza ndoo ili mgeni akae.

"Umependeza," akasema. "Hereni mpya."

"Na zako ziko wapi?"

"Zangu? Sina hereni. Zile ni za Maulida. Ananiazima, nikipita kufagia dukani kwake namrudishia."

"Unaziazima za nini?"

"Za asubuhi. Si ndiyo saa unayotoa vikopo?"

Kokugonza alishika ukingo wa ndoo.

"Nilikwenda dukani kununua sukari," Alistidia alieleza, akipuliza mkaa ili chai ichemke. "Nikajikuta niko kwenye kabati la kioo, shavu limevimba, robo yangu imeshauzwa. Maulida ananiambia, dada, wewe unakuja kila siku kutoka Izigo, mbona umechoka hivyo? Nikasema, kumbe wifi ananiona hivi kila asubuhi! Toka hapo nikajisuka nywele, na nikiamka nanawa, navaa hereni, nakaa pale mlangoni nacheka, mpaka nione jua limefika kwenye bomba."

"Unacheka nini?"

"Hakuna. Nacheka tu."

"Kila siku?"

"Jumapili napumzika. Jumapili hutengenezi."

"Na mashavu? Mashavu yamenona, wifi, usinifiche."

"Napuliza," Alistidia alisema, akayajaza upepo, na kwa muda kidogo palikuwa na yule Alistidia wa rafuni, mnene, mwenye raha, kisha upepo ukatoka na yule wa beseni akarudi. Kokugonza alisikia kicheko kinampanda kooni. Kikafika mdomoni. Alistidia naye alikuwa anakingoja. Kilikaa pale kwenye meno, halafu Kokugonza akakimeza.

"Nimekuja kupokea mbegu," akasema, akatoa mtungi na kijiko. "Ta Kahigi amesema unikabidhi."

Alistidia aliufungua mtungi, akaunusa kwa muda mrefu. Akachovya kijiko, akalamba, akafumba macho.

"Bihogo anakula nini siku hizi?"

"Mabingobingo."

"Ndiyo maana. Mchanganyie na maganda ya ndizi, maziwa yatakuwa mazito." Akafumbua macho. Akachovya tena, akalamba, akamnyooshea Kokugonza kijiko, lakini hakukiachia. "Kibanja sitaki, wifi. Nataka chumba changu, na ile migomba yangu ya nyuma. Mama yuko kule. Nitakaa chini huko, hata moshi wangu hutauona. Mugisha amesemaje?"

"Amesema nikikubali mimi, yeye hana neno."

"Basi ni wewe."

"Ni mimi."

Walikuwa wameshika kijiko kila mmoja upande wake. Kilikuwa kijiko cha kawaida cha bati, na Kokugonza alikitazama, akaona wageni wakipita mlangoni kwake bila kusimama, wakiteremka chini kwenye harufu ya jibini. Akamwona Mugisha akichelewa kurudi kwa kuwa amepitia kwa dada yake kunywa chai. Akasikia kila siku iliyobaki ya maisha yake ikisema kwamba mwingine angeongeza chumvi kidogo. Na lile tabasamu, ambalo sasa lilikaa kwenye rafu bila kusema kitu, akaliona likitembea uani.

"Wifi," akasema, "uso wako nimeshauzoea. Miguu yako sitaiweza."

Akaachia kijiko.

Alistidia hakulia wala hakushangaa. Alikifuta kijiko kwenye gauni, akafunika mtungi, akavirudisha kwenye kikapu cha mwenzake.

"Kwenye chumba changu umeweka nini?"

"Jibini."

"Zina uso wangu?"

"Zote."

"Kumbe nimesharudi," Alistidia akasema, akamimina chai.

Wakanywa. Chai ilikuwa haina maziwa. Kokugonza alipoinuka kuaga, wifi yake aliinua mkono akazigusa zile hereni ndefu, zikalia.

"Niazime basi hizi. Zile za Maulida, mwenyewe ameanza kuzilalamikia."

Wifi mkubwa akikuomba kitu kilicho mwilini mwako, kumnyima ni aibu inayokufuata hadi kwenu. Kokugonza alizivua, akampa, akarudi Izigo na masikio matupu.

Asubuhi alimkamua Bihogo. Akaingia jikoni, akaondoa jiwe la kwanza, akapindua kikopo, akakipigapiga kitakoni. Alistidia akatoka na hereni ndefu za Muleba, kila kipande cha mnyororo wake kikionekana. Alikuwa akicheka hadi kwenye pengo la lile jino la nyuma.

"Umeamkaje, wifi," Kokugonza akasema.

Mugisha aliingia, akavuta kigoda. "Alikubali?"

"Hakukubali."

"Aa." Akaisogeza jibini kwenye mwanga. "Lakini leo amependeza kuliko jana. Hereni hizi kama nimeziona mahali."

"Kunywa chai," alisema Kokugonza.

Alichota chumvi kiganjani, akampaka Alistidia kuanzia kwenye paji la uso, akashuka puani, akazungusha mashavuni, akahakikisha imeingia vizuri kwenye pembe za mdomo, kwa sababu hapo ndipo jibini huanza kuharibika. Alipomaliza zote akazibeba kwenye sinia hadi kule chini, akazipanga rafuni pamoja na wenzake. Nyuma ya ghala, kwenye migomba ya Alistidia, mkungu mmoja ulikuwa umekomaa. Kokugonza aliukagua pande zote. Haukuwa na pua. Akarudi ndani kuchukua panga, akaukata.